Bado Vifungo Tu

Upendo alinipigia simu asubuhi nikiwa nimeinamia meza, nakata kitambaa cha gauni la bibi harusi, akaniambia kwamba mama yake wamemzika Rungwe siku iliyopita. Nilimuuliza kwa ukali kwa nini sikuambiwa mapema. "Mwenyewe alikataza, mama mdogo," alisema. "Alisema Agnesi aambiwe tukishazika, maana akiambiwa kabla ataacha nguo za watu aje kulia huku." Nililia palepale, mkasi mkononi, kisha katikati ya kulia nikaangua kicheko, na binti ninayefanya naye kazi akadhani nimerukwa na akili. Nilifuta uso, nikamaliza kukata. Gauni lilikuwa la kuvaliwa Jumamosi na mimi nilikuwa nimesema Ijumaa, na Ijumaa yangu hapa Ruangwa watu wanaijua.

Wapo wanaonisifu kwamba najua biashara, na wapo wanaosema nina mdomo mkavu na roho ngumu. Wote wako sahihi. Semina za wajasiriamali nimehudhuria nyingi. Nimekaa kwenye viti vya plastiki nikifundishwa tabia za watu waliofanikiwa na vijana waliovaa tai kwenye joto, nimekula maandazi yao, na sikuona cha kubishana nacho wala cha kwenda nacho nyumbani. Nilichonacho nilikipata ndani ya mwaka mmoja, Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika chumba kimoja chenye vyerehani vinne. Habari za wazazi na nani alinilea naziacha. Inatosha kusema nilitoka kijijini kwetu Chiola nikiwa na cheti cha ushonaji, kichwa kikubwa, na nia ya kutoshika tena jembe la mtu.

Chumba chenyewe kilikuwa karibu na soko, kina baraza mbele na ua nyuma. Mlango wake wa mbao ulikuwa umevimba kwa mvua, ukiusukuma unalia mpaka jirani anajua tumefungua. Ndani kulinukia mafuta ya cherehani, mkaa wa pasi na kitambaa kipya cha tetroni, harufu ambayo hadi leo ikinipiga puani najisikia kijana. Kona moja ilizibwa kwa kanga kuukuu, wanawake wakapimiwa humo. Mwenye chumba, Mama Upendo, alikuwa Mnyakyusa aliyeletwa huku kwetu na uhamisho wa mumewe, aliyekuwa bwana shamba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, hivyo ukitaka kumsikia ilibidi ufunge mdomo wako. Mchana tulikula naye uani, mimi na mafundi wenzangu wawili, tumeizunguka sinia moja. Miezi ya mwanzo ugali wa muhogo ulimshinda. Aliusukuma pembeni akala kisamvu kitupu, akisema kwao muhogo ni wa kutafuna wakati unasubiri chakula. Tulimcheka waziwazi. Siku alipoonjeshwa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya huku kwetu, alinyamaza, akala, akala tena, kisha akauliza kwa heshima kama imebaki.

Hapa lazima niseme habari ya maneno matatu, ingawa kila aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi anayajua. Enzi zile fundi hakusema "sijaanza". Alisema "bado vifungo tu". Maana yake kitambaa chako kiko chini ya meza, kimefungwa na kamba ileile uliyokifungia, na pengine paka anakilalia. Ukisikia "nimeshakata", ujue anajaribu kukumbuka alikiweka wapi. Ukiambiwa "pitia kesho", basi kesho usijisumbue. Jambo la ajabu ni kwamba wateja nao walilijua hilo vizuri, na hawakuliita uongo. Waliliita lugha nzuri. Mtu alitoka Kiegei kwa baiskeli, akaambiwa bado vifungo, akanywa maji, akacheka na fundi, akarudi kwao mikono mitupu na moyo mweupe. Bingwa wa lugha hiyo alikuwa Fundi Chilumba, jirani yetu ng'ambo ya barabara, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma na mkono mzuri ajabu kwenye kola. Ukitokea tu kwenye kona anainua mikono. "Shangazi! Sasa hivi nilikuwa nakutaja! Bado vifungo tu, shangazi yangu, hata chai yako haitapoa." Nakiri nilimpenda. Hakuna aliyemchukia Chilumba, hata aliyevaa nguo ya zamani kwenye harusi ya mwanawe kwa sababu yake.

Kwa Mama Upendo maneno hayo yalikuwa marufuku. Siku yangu ya kwanza alinionyesha kamba iliyopita chumba kizima, nguo zimetundikwa kwa kufuata siku zitakazovaliwa, ya karibu ikiwa mlangoni. Mteja akija hatukumuuliza anataka nguo lini, kwa sababu kila mtu anataka kesho. Tulimuuliza ataivaa lini. Ukiuliza hivyo mtu anafikiri kwanza, halafu anakuambia ukweli, na wewe huna budi kumjibu kwa ukweli. Kila asubuhi kabla ya kugusa kanyagio tulisimama mbele ya kamba ile, tukaipitia nguo moja moja, akatuuliza ipi inatutia wasiwasi. Iliyotutia wasiwasi tulianza nayo. Mimi nilizoea kuanza na rahisi ili nijisikie nimefanya kazi, na ilinichukua muda kuacha. Na mteja akija kuulizia nguo yake, tulimwambia ilipofikia. Siku moja alikuja mwalimu mmoja wa kike, mgeni wa Nachingwea kama Mama Upendo mwenyewe, akaulizia sketi yake.

"Haijakatwa, mwalimu," Mama Upendo alimwambia. "Tulikubaliana Jumatatu, na Jumatatu utaipata."

"Haijakatwa?" Mwalimu alitazama huku na huku kama aliyetukanwa mbele ya watu. "Yaani unaniambia hivihivi, usoni?"

"Sasa mwalimu, nikuambie kisogoni?"

Sketi ilikuwa tayari Jumatatu, na mwalimu aliichukua bila kusema asante. Hakurudi. Tulimwona baadaye barazani kwa Chilumba, amekaa kwenye kigoda, anachekeshwa. Na hakuwa peke yake. Wazee walisema yule mama wa bara hana adabu, mtu unatoka mbali anakuambia haijakatwa, hata kukupoza roho kidogo hajui. Wengine tuliwakataa wenyewe, maana Mama Upendo akiona kamba imejaa alimwambia mtu hapana, akamwelekeza kwa fundi mwingine, huku mimi nikiuma ulimi. Leo nikiwa na duka langu naelewa alichokuwa anafanya. Wakati ule niliona mtu anafukuza riziki kwa ufagio. Ilipofika miezi ya katikati ya mwaka, kamba ile ilianza kuonyesha ukuta.

Mchana mmoja, wenzangu wameenda kununua uzi, nilikuwa uani nasugua sufuria nikawasikia yeye na mumewe ndani. Ukuta wa chumba kile haukuzuia neno. "Wewe unafanya biashara au unahubiri?" Baba Upendo aliuliza, wala hakuwa na ukali, alikuwa amechoka tu. "Mtu anataka maneno matamu, mpe. Chilumba anawapa, na baraza lake limejaa." Mama Upendo alisema kitu ambacho sikukisikia kwa ile sauti yake. Mumewe akapumua. "Basi, mpaka shule zifunguliwe. Pakiwa hivi hivi, tunafunga chumba, tunauza vyerehani." Sufuria ilinitulia mikononi. Vyerehani vikiuzwa, mimi narudi Chiola, na Chiola jembe langu lilikuwa bado liko nyuma ya mlango. Niliingiwa na hofu, na baada ya hofu ilikuja hasira, na hasira yote niliielekeza kwa Mama Upendo na ukweli wake.

Ndipo akaja Bwana Nambunga. Alitoka upande wa Mbwemkuru, huku Ruangwa, mtu mnene anayetembea na taulo dogo shingoni la kufutia jasho, na nyuma yake kijana wake amebeba majora ya kitambaa cheupe na cha buluu. Watoto wa kiume wa kijiji chao walikuwa wameingia jandoni likizo ilipoanza, na wazazi walikuwa wamechanga ili siku ya kutolewa kumbini, kwenye kambi ya jando, wavae sare, shati jeupe na kaptula ya buluu. Kwa kuwa mtoto akiwa kumbini haonekani, achilia mbali kupimwa na fundi mwanamke, akina mama walikuwa wamempa gunia la mashati ya zamani, moja la kila mtoto. "Kateni kwa kufuata haya, lakini mwongeze kidogo," alisema. "Kule wanakula bila kazi." Nilichungulia lile gunia na moyo ukanidunda kwa furaha. Hiyo ilikuwa kazi ya kutuokoa.

Mama Upendo alipanga mashati yale mezani, akayatazama, akatazama kamba, akatutazama sisi. "Nusu tutaweza, Bwana Nambunga," alisema. "Siku hiyo, nusu. Yote nikikubali nitakuwa nakudanganya."

"Sema yote, mama, tutasaidiana na Mungu."

"Mungu hatakuja kushona, bwana. Nusu."

Alicheka yule mzee, akafuta jasho, akafunga nusu ya kitambaa na nusu ya mashati kwenye gunia, akavuka barabara. Tulimwona Chilumba akiinua mikono. Hakuuliza siku wala hesabu. Mimi niligeuka ukutani nikapiga kanyagio kwa nguvu mpaka uzi ukakatika, na Mama Upendo akaniacha nikatikiwe hata mara ya pili kabla ya kuniambia nipumzike. Nilimwambia kwamba ametufukuzia kazi. Akasema kwamba ametubakizia kazi tunayoiweza. Hatukuongea tena siku ile, na chakula cha mchana kilikuwa kitamu bure.

Nusu yetu tuliimaliza kama tulivyosema. Bwana Nambunga alipofika na gari la kukodi, asubuhi ya siku moja kabla ya kuwatoa watoto, mashati yetu yalikuwa yamepigwa pasi, yamekunjwa, vifungo vyake vyeupe vimeangalia juu. Aliyashika, akayageuza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akavuka kwa Chilumba. Alirudi haraka. "Bado vifungo tu," alisema, akakaa kwenye benchi letu kusubiri, ametulia kabisa. Mama Upendo alitua pasi. Alitoka bila viatu, akavuka barabara, nami nikamfuata, maana niliona shingo yake ilivyokuwa imekaza. Chilumba alisimama mlangoni akitabasamu. Mama Upendo alimpita, akainama, akavuta gunia kutoka chini ya meza. Kamba ilikuwa ileile, na fundo lilikuwa lilelile alilolifunga Bwana Nambunga.

"Fundi," alisema, "huyu mzee amekaa anasubiri vifungo."

Chilumba alivua kofia, akaivaa tena. Alianza kueleza habari ya homa, habari ya cherehani kukwama, habari ya msiba wa Chiola. Halafu akaziacha zote. "Ningemwambiaje hapana, mama? Mzee mzima ametoka mbali, ananikabidhi gunia la mashati ya watoto. Nikimwambia hapana si nimemfukuza?" Hapo niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona miezi yote ile, kwamba mtu yule hakuwa tapeli. Alikuwa hajui tu namna ya kumhuzunisha mtu. "Njoo umwambie mwenyewe," Mama Upendo alisema. Akaja. Alisimama mbele ya Bwana Nambunga, mikono nyuma kama mwanafunzi, akasema, "Mzee, hazijakatwa," na ninaapa yule mtu alitetemeka midomo, maana sidhani kama maneno hayo yalikuwa yamewahi kupita hapo.

Bwana Nambunga hakupiga kelele. Alichukua mashati yetu mapya pale mezani, akayarudishia Mama Upendo mikononi. "Basi haya nayo hayana kazi," alisema.

"Kwa nini hayana kazi? Haya yako tayari," mimi nilidakia.

"Binti, watoto wa kumbi moja ni kitu kimoja. Wameingia pamoja, wanatoka pamoja, wanavaa sawa. Nikimvika wa jirani yangu kipya na wa ndugu yangu akatoka na kuukuu, nimewagawa kwa maisha yao yote. Wazee hawatakubali. Watatoka na nguo zao za zamani, basi, na michango ya watu imekwenda." Alisema kama mtu anayeeleza kwamba maji yanalowanisha. Kwetu sisi, familia za Kimakua za misheni, watoto walipelekwa kutahiriwa hospitali mmoja mmoja, kwa hiyo sikuwa najua. Mnyakyusa wa watu ndiye kabisa. Alikuwa amemwuliza yule mzee siku, amemwuliza hesabu, amemwambia ukweli mtupu, na hakumwuliza jambo moja tu: ikipungua itakuwaje? Tangu siku ile swali hilo nalo liliingia kwenye maswali yetu, na mimi hadi leo silisahau. Mtu akikupa kazi, muulize kitakachotokea isipotimia. Utashangaa ni vitu vingapi havigawanyiki.

Nilimvuta Mama Upendo pembeni, nyuma ya ile kanga ya kona. Nilimwambia sisi hatuna kosa, ahadi yetu tumeitimiza, tuchukue haki yetu tumwachie Chilumba aibu yake. Na nikamkumbusha, maana nilikuwa na ulimi, kwamba shule zinafunguliwa wiki ijayo na mimi nilisikia kila kitu. Aliniangalia kwa mshangao kidogo, kisha akasema, "Nguo isiyovalika haijaisha, Agnesi." Akatoka akamuuliza dereva kama gari linabeba vyerehani.

Tulipakia vyerehani vyetu na cha Chilumba, meza, pasi, mfuko wa mkaa, na sisi wenyewe juu yake. Chilumba alipanda bila kuambiwa mara mbili. Njiani alikuwa amekumbatia lile gunia kifuani, vumbi jekundu limemjaa nyusi, na kila gari liliporuka shimo alisema "pole" kwa wote kama ndiye aliyelichimba. Tulishukia uani kwa Bwana Nambunga, tukapanga vyerehani wazi, watu wote wakituona. Mama Upendo na Chilumba wakakata, sisi tukashona. Kutoka upande wa kumbini ngoma ilikuwa ikisikika, na uani akina mama walikuwa wakitwanga, wakichambua mchele, wakipita karibu yetu kwa makusudi. Mmoja wao, Bi Somoe, ambaye mwanawe alikuwa kumbini, alikuja kukaa kwenye mkeka pembeni yangu akimenya muhogo. Alikuwa na mdomo kama wangu.

"Nyie ndio mafundi wa Nachingwea mnaosifika kwa vifungo?"

"Hao wengine," nilimjibu. "Sisi tunasifika kwa kukosa adabu."

Alicheka mpaka kisu kikamwanguka, akaenda kuwasimulia wenzake, na tangu hapo chakula hakikutukauka. Tulikula ubwabwa na mbaazi tukiwa tumekaa palepale kwenye vyerehani, tukafuta mikono, tukaendelea. Chilumba ndiye aliyenishangaza. Bila mteja wa kumfurahisha, mtu yule alikata kola kwa mstari mmoja, bila chaki, akishona alikuwa hainui kichwa. Nilijiuliza ni nguo ngapi nzuri ambazo mikono ile haikuzishona kwa sababu mdomo ulikuwa na shughuli. Giza lilitusimamisha, alfajiri tukaanza tena, na jua lilipoanza kuinama siku ile ya pili, mashati na kaptula za nusu ya Chilumba zilikuwa kwenye mkeka. Kaptula zilikuwa za mpira kiunoni, hazina shida. Mashati hayakuwa na vifungo wala matundu ya vifungo. Ngoma ilikuwa imekaribia. Watoto walikuwa wanaogeshwa.

Chilumba aliutazama ule mkeka, akanitazama mimi, na wote wawili tulijua kitakachosemwa, lakini hakuna aliyethubutu. Mama Upendo alivuta yale mashati yetu, yale mazuri, yaliyokunjwa tangu Nachingwea, akaokota wembe, akaanza kukata vifungo. Kifungo cha kwanza kikadondoka mkekani, cha pili, cha tatu. Nilimshika mkono. Nilikuwa nimevishona mwenyewe, kila kimoja kwa uzi mara nne, na niliumia kama anayenyang'anywa chakula mdomoni. Nilisema, karibu kwa kilio, kwamba hiyo ndiyo kazi yetu, ndiyo pekee iliyokamilika katika jambo hili lote. "Watavaa sawa," alisema, kwa sauti ileile ya chini. "Shika mkasi, nisaidie, tumechelewa." Nikashika mkasi. Chilumba naye akachukua shati, akafumua kifungo kimoja kimoja polepole, na machozi yalikuwa yakimdondokea mikononi, na hakujaribu kuyaficha.

Kabla watoto hawajatokeza Mama Upendo alisimama mbele ya wazazi. Mgeni, mwanamke, mtu wa bara, na taulo la Bwana Nambunga limemning'inia begani kwa sababu ya jasho. Alisema, "Wazazi, kazi hamkuipata kama mlivyoagiza. Mashati hayana vifungo, yote. Wiki ijayo tutakuja kuvitia hapahapa, na nauli ni juu yetu." Hakumtaja Chilumba. Mimi nilitamani ardhi ifunguke, kisha sauti ya Bi Somoe ikatoka katikati ya akina mama. "Jamani, leo kwa mara ya kwanza fundi kasema bado vifungo na kweli bado ni vifungo!" Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Wazee walicheka, Bwana Nambunga alicheka akishika tumbo, hata Chilumba. Na watoto wakaja, wamepakwa mafuta, wembamba kwa wanene, kaptula za buluu, mashati meupe yamechomekwa na vifua viko nje, wakitembea kwa madaha kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Akina mama walipiga vigelegele mpaka masikio yakauma. Rika lile kijijini liliitwa Vifua Wazi. Tuliporudi wiki iliyofuata kutia vifungo, baadhi yao walikataa.

Shule zilifunguliwa, na chumba hakikufungwa. Nisidanganye kwamba watu walitumiminikia; walikuja kidogo kidogo, wengi kutoka vijijini kuliko mjini, na waliotuona hatuna adabu waliendelea kutuona hivyo. Baba Upendo hakutaja tena habari ya kuuza. Chilumba aliendelea kuinua mikono kwenye baraza lake, ila akielemewa alivuka barabara na gunia kichwani na kusema palepale mlangoni, mbele ya kila mtu, kwamba hajakata. Wateja wake hawakuwahi kujua kilichomgharimu kujifunza hilo. Mwaka ulipokuwa unaisha, korosho zikiwa zimeuzwa na watu wana pumzi, Mama Upendo aliniita uani akaniuliza kama nikipewa vyerehani viwili naweza kwenda kufungua chumba Ruangwa kwa niaba yake, na baadaye kwa niaba yangu. Niliogopa, nikafikiri niseme ndiyo tu nisije nikaikosa. Halafu nikamwambia kukata naweza, kushona naweza, watu nawaweza, lakini kumwambia hapana mtu aliyenikalia mbele na kitambaa mapajani, hilo bado linanitoa jasho. Alitikisa kichwa kukubali. "Na mimi pia," alisema. "Kila siku." Kisha akanipa ufunguo.

Wiki yangu ya kwanza Ruangwa hakuna aliyeingia. Nilifagia chumba kilichokwishafagiliwa, nikapiga pasi vitambaa visivyo vya mtu. Wenye maduka jirani walinisalimia kwa huruma. Siku ya soko, jua limeshapanda, Bi Somoe alitokea mlangoni, kikapu kichwani, jasho usoni, kwapani amebana kitambaa cha kitenge kilichokunjwa vizuri. Hakuuliza hali. Alikiweka mezani mbele yangu, akaweka juu yake gauni la kuchukulia kipimo, akajitengeneza kanga yake.

"Lini, sikuulizi," alisema. "Utaniambia wewe."

Nilikipima kitambaa, nikawaza kwa kweli, nikamwambia Alhamisi, mchana, si asubuhi. Aliitikia kwa kichwa, akatoka, akaenda zake sokoni bila kugeuka nyuma.